Je, wajua? Ekari 40 ziligawiwa kweli, kisha zikachukuliwa

Wengi wanaosoma habari za Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861–1865) huamini kwamba "ekari 40 na nyumbu" (yule baghala, mtoto wa punda na farasi) ilikuwa ahadi hewa, na kwamba watumwa walioachwa huru hawakupewa hata shubiri ya ardhi. Sivyo. Ardhi iligawiwa na ikalimwa. Inakadiriwa kwamba kufikia Juni 1865 watu kama 40,000 walikuwa wamekaa kwenye ekari zipatazo 400,000. Cha kuuliza ni jinsi ardhi hiyo ilivyorudi kwa mabwana wa zamani.

Agizo la kugawa ardhi lilitolewa Savannah, jimbo la Georgia, tarehe 16 Januari 1865 na Jenerali William T. Sherman wa jeshi la serikali, siku nne baada ya kukutana na viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi. Msemaji wao, Garrison Frazier, alisema wanachohitaji ni ardhi wailime kwa nguvu zao. Vikatengwa visiwa kuanzia Charleston, jimbo la South Carolina, kwenda kusini, pamoja na mashamba ya mpunga yaliyoachwa kandokando ya mito, hadi maili 30 kutoka baharini. Familia isipate zaidi ya ekari 40 zinazolimika. Shamba likipakana na njia ya maji, upande huo usizidi futi 800. Nyumbu hatajwi popote kwenye agizo.

Kasoro ilikuwa kwenye karatasi waliyopewa. Chukua mtu aliyekimbia kijiji akaacha shamba. Mjumbe anakuandikia barua: kaa hapa, lima, asikusumbue mtu. Unalima, unajenga, unavuna. Lakini hati ya shamba bado inasoma jina la yule aliyekimbia. Siku akirudi na kusamehewa, barua yako haina nguvu mbele ya hati yake. Ndivyo ilivyokuwa: agizo lilitoa haki ya kukalia tu, mpaka Bunge litakapoamua umiliki. Bunge halikuithibitisha. Rais Lincoln aliuawa Aprili, na tarehe 29 Mei 1865 Rais Andrew Johnson akatangaza msamaha uliowarudishia waasi wa Kusini mali zao, isipokuwa watumwa. Matajiri wenye mali ya zaidi ya dola 20,000 walitakiwa kuomba msamaha mmoja mmoja. Wengi waliomba, wakapewa. Oktoba, Jenerali Oliver O. Howard, mkuu wa ofisi ya kuwahudumia walioachwa huru, alitumwa kisiwa cha Edisto kuwaambia wakulima wapatane na wenye ardhi waliorudi. Mazao yao yalikuwa shambani.

Inauma zaidi ukitazama kisiwa cha jirani, St. Helena. Huko serikali ilikwisha kuyapiga mnada mashamba ambayo wenyewe hawakulipa kodi ya mwaka 1862. Mnada wa kodi hauachi hati ya zamani ikingoja mwenyewe arudi: unaifuta, na mnunuzi anapata yake mpya. Msamaha wa rais haukuigusa. Robert Smalls, mtumwa wa zamani aliyeitorosha meli ya Planter kutoka Charleston mwaka 1862, alinunua kwa njia hiyo nyumba iliyokuwa ya bwana wake katika mji wa karibu, Beaufort. Mtu aitwaye De Treville alimshtaki akidai kwamba nyumba ile ni yake, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls akashinda.