Jaribio la Lassaigne: kujua kampaundi ya kaboni ina elementi gani ndani

Hapa swali ni moja tu, humu ndani kuna nini, habari ya kiasi gani ni mada nyingine. Kaboni na haidrojeni hazisumbui: changanya sampuli na oksidi nyeusi ya kopa, pasha moto, gesi ikigeuza maji ya chokaa kuwa meupe basi kaboni ipo, mvuke ukigeuza kopa salfeti nyeupe kuwa ya bluu haidrojeni ipo.

Kazi iko kwenye naitrojeni, salfa na halojeni (klorini, bromini, ayodini), kwa sababu hizi zimeungana na kaboni kwa bondi za kovalenti (za kushirikiana elektroni), yani hata ukiweka silva naitreti kwenye klorobenzini hupati kitu, klorini ipo lakini hakuna ioni (chembe yenye chaji) ya kloraidi iliyo huru. Ndo hapo inaingia sodiamu, na ndilo jaribio la Lassaigne lenyewe. Unachukua kipande kidogo kilichofutwa mafuta, unakiyeyusha kwenye kijitestityubu, unaweka sampuli, unapasha mpaka kioo kiwe chekundu, halafu unakichovya hapohapo kwenye bakuli lenye maji yaliyokenekwa na kinapasuka (vaa miwani, sodiamu iliyobaki inaweza kuwaka). Chemsha, chuja. Sasa naitrojeni imekuwa sayanaidi, salfa imekuwa salfaidi, halojeni imekuwa helaidi, zote ni ioni na zote zinapimika.

Naitrojeni: weka feras salfeti, chemsha, kisha asidi ya salfyuriki iliyozimuliwa, ikitoka bluu iliyokolea ipo. Salfa: asidi ya asetiki na ledi asetati, unapata mashapo meusi. Ila naitrojeni na salfa zikiwepo pamoja na sodiamu ikawa haitoshi, inatokea thayosayanaidi, bluu haionekani na ukiweka ioni za chuma(III), yani chuma chenye chaji +3, unaona nyekundu kama damu, kwa hiyo usikimbilie kuandika naitrojeni hakuna.

Kwenye halojeni wengi wanaruka hatua muhimu sana, kuchemsha kwanza na asidi ya naitriki ili kufukuza sayanaidi na salfaidi, ndipo uweke silva naitreti. Usipochemsha, silva sayanaidi nayo ni nyeupe, utaiita kloraidi! Silva kloraidi ya kweli inayeyuka kwenye amonia, bromaidi ni ya njano hafifu na inayeyuka kidogo, ayodaidi ni ya njano na haiyeyuki.

Halafu kuna haidrazini, ina naitrojeni lakini haina kaboni, sayanaidi itatoka wapi? Hiyo mpaka uongeze unga wa mkaa kabla ya kuyeyusha.