Upanga wa kuku si shungi

"Mwalimu, shungi la Nyota limekuwa jeupe." Ndivyo jirani yangu wa hapa Lanet, Nakuru, alivyoniambia kwenye simu Julai iliyopita. Nyota ni kuku wa binti yake, kuku wa kupendwa, si wa kitoweo. Hulala kwenye sanduku la mbao nyuma ya jiko, hula mtama mkononi mwa mtoto, na hata wageni wanapokuja kutoka Kakamega, ambako mgeni asiyeandaliwa ingokho, yaani kuku, huona kwamba hakukaribishwa, Nyota haguswi. Kusikia shungi, nikawaza manyoya. Nikamjibu kwamba kuku akishanyonyoka, manyoya mapya huweza kuota na rangi nyingine, wasubiri tu.

Siku 9 baadaye nikapita kwao. Kichwa cha Nyota ni laini kama cha kuku wengi. Shungi hana na hajawahi kuwa nalo. Kilichokuwa cheupe ni upanga wake, na zile ndevu za chini ya mdomo vilevile. Nilipoinua sanduku nikakuta utitiri umejaa kwenye nyufa za mbao, umevimba kwa damu yake. Utitiri hujificha mchana na kunyonya usiku, na mahali penye joto kama nyuma ya jiko, yai la mdudu huyo huweza kuwa mdudu kamili kwa siku 7 hadi 10. Kwa hiyo katika siku hizo nilizowaambia wasubiri, kizazi kizima kiliongezeka juu ya kuku mmoja. Neno moja ndilo lililotupotezea muda huo, na ndilo linalonifanya niandike.

Upanga ni ile nyama nyekundu iliyosimama juu ya kichwa cha kuku, awe jogoo au mtetea. Haina mfupa na haina manyoya. Ni ngozi nyembamba iliyojaa mishipa midogo sana ya damu, na wekundu unaouona ni wa damu yenyewe. Shungi ni fundo la manyoya kichwani. Kuku wengine wanalo, wengi hawana, na aliye na shungi bado ana upanga wake mbele ya hayo manyoya, hata kama ni mdogo wa kutafutwa kwa kidole.

Jina upanga lenyewe linakuonyesha la kutazama. Ni neno lilelile la silaha. Kiswahili hupenda kuweka vitu vyembamba na virefu katika ngeli ya u-: uzi, ubao, ukuta, wembe, upanga. Tazama kuku wa kienyeji akisimama ubavu: juu ya kichwa chake kuna ubapa uliosimama wima, wenye meno, kama chuma kilichochongwa. Aliyeuita upanga aliuona kwa ubavu. Wingi wake ni panga, kwa hiyo kuku wawili wana panga mbili, na hapo ndipo wengi husita, kwa sababu panga kwetu ni lile la kufyekea, lenye wingi wa mapanga. Shina ni moja. La shambani ni kubwa na zito, nalo likahamia ngeli ya vitu vikubwa. La kichwani mwa kuku likabaki na u- yake.

Kuna watu wanaouita kilemba, na siwapingi hata kidogo. Kilemba ni cha kichwani, huvaliwa kwa heshima, na jogoo anapotembea uani asubuhi hakuna atakayebisha kwamba amevaa kitu. Lipo pia neno undu, ambalo huku kwetu halisikiki sana, lakini maana yake ni nyama hiyohiyo.

Shungi ndilo linalonisumbua, kwa sababu lina kazi yake na kazi hiyo ni ya nywele na manyoya. Mtu husuka mashungi. Mwanamke akijifunika kanga kichwani, amejitanda ushungi. Kuku wa kishungi ni yule mwenye manyoya yaliyosimama kisogoni kama kofia ya sufi. Kila mahali neno hili linapopita linagusa nywele, manyoya au nguo ya kuvifunika. Najua wapo waliozoea kuliita shungi lile la nyama pia, na mazoea ni mazito. Lakini manyoya hayana damu yakishakomaa. Yanaweza kuchafuka, kuvunjika, kudondoka, ila hayawezi kukuambia leo kwamba tangu juzi kuku anaishiwa damu. Upanga unaweza. Tukiviita vitu viwili jina moja, tunapoteza kile kinachosema.

Bibi yangu hakuwahi kuvichanganya. Alikuwa na kile kisa cha paka mwitu na jogoo, ambacho nadhani kila nyumba ya magharibi ina namna yake ya kukisimulia. Paka mwitu alimwogopa jogoo miaka mingi kwa kudhani kichwa chake kinawaka moto, na jogoo hakumtoa kosa. Siku moja moto ukazimika kwa paka, akamtuma mtoto aende kwa jogoo kuomba kaa. Mtoto akamkuta jogoo amelala, akaweka nyasi kavu juu ya upanga, akapuliza, hazikushika. Akagusa. Si moto, ni nyama tu. Kuanzia hapo kuku wakawa chakula cha paka mwitu. Nikikikumbuka sasa, naona kisa hicho hakisimuliki kwa shungi. Nani angeogopa manyoya? Kinachofanana na kaa la moto ni upanga wenye damu ya kutosha.

Sasa rangi. Hapa pia neno moja limebebeshwa mzigo usio wake, nalo ni kupauka. Watu husema upanga umepauka kwa kila weupe, halafu anayesikiliza anajibu kideri, na mazungumzo yanaishia hapo. Kideri huua haraka, mara nyingi kwa kuharisha kijani, kupooza au kupinda shingo. Upanga kuanza kuwa mweupe polepole si alama ya kuitegemea kuujua ugonjwa huo.

Kupauka kwa maana yake halisi ni kwa juu. Ngozi iliyokosa mafuta hupauka, nguo iliyopigwa na jua hupauka. Upanga nao huweza kupauka hivyo: kuku ametoka kuoga vumbi, au ana ukungu wa ngozi unaoacha magamba meupe kama mba. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Vumbi litatoka na wekundu utaonekana. Magamba yatang'ang'ania, na hayo yanahitaji dawa. Huo wote ni weupe uliolala juu.

Weupe wa ndani ni mwingine. Ngozi ni safi, haina unga, ila damu chini yake imepungua, kama ilivyokuwa kwa Nyota. Mara nyingi kuna kinachoinyonya au kuimwaga: utitiri, papasi, viroboto wale wanaojishika pembeni mwa macho na kwenye upanga wenyewe wasibanduke, minyoo, au ule ugonjwa wa vifaranga na kuku wachanga wa kuhara damu. Usiuamini upanga peke yake. Funua kope kidogo, tazama ndani ya mdomo. Kama na huko pameyeyuka wekundu, damu imepungua kweli. Kisha usiku chukua tochi, kaangalie anapolala, chini ya kijiti na kwenye nyufa.

Halafu kuna kufifia, ambako si ugonjwa kabisa, na hapa wafugaji wa kuku mmoja au wawili ndipo wanapohangaika bure. Kuku anapokaribia kutaga mara ya kwanza, upanga wake hukua na kuwa mwekundu wa kung'aa. Anapoacha kutaga, kwa sababu anaatamia siku zake 21 au ananyonyoka manyoya, upanga husinyaa na kufifia. Anakula, macho yapo, kope kwa ndani ni nyekundu kama kawaida. Amepumzika tu.

Sababu yake ilianza kufahamika zamani. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, mwanasayansi Arnold Berthold alichapisha jaribio lake: alichukua majogoo wachanga 6 akawatoa korodani. Walioachwa hivyo, panga zao zilidumaa. Waliorudishiwa korodani tumboni, mahali ambapo si pake, waliota panga kubwa nyekundu na kuwika kama wenzao. Mishipa ya fahamu ilikuwa imekatwa, kwa hiyo habari haikuweza kupita huko. Ilipita kwenye damu. Leo tunaita kitu hicho homoni, na jaribio lile linahesabiwa miongoni mwa misingi ya elimu ya homoni, nalo lilisomwa kwenye upanga wa kuku. Kwa mtetea, ovari ndiyo inayopeleka habari hiyo. Ikilala, upanga nao unalala. Hata mwanasayansi yule, kama bibi, alitazama nyama. Hakuhesabu manyoya ya kichwani.

Neno la nne ndilo la hofu, na ningependa lisichanganywe na hayo mengine: kusawijika. Ni upanga unapokuwa wa zambarau au wa buluu iliyokolea, kwa sababu damu ipo lakini hewa haimo. Moyo au mapafu yameshindwa, au kuna maambukizi makali kama kipindupindu cha kuku au mafua makali ya ndege. Kuku akiwa hivyo huku amejikunyata na kupumua kwa shida, usisubiri. Na kama kuku kadhaa mtaani wanakufa kwa pamoja wakiwa na panga za rangi hiyo, usichinje, usinyonyoe, mwite afisa wa mifugo.

Ila angalia saa na mahali. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai ncha za upanga huweza kuwa na giza kwa baridi tu. Jua likipanda, wekundu unarudi. Kisumu mchana ni kinyume chake. Kuku hana tezi za jasho, kwa hiyo hupeleka damu nyingi kwenye upanga na ndevu ili joto litoke, na utamwona amewaka kichwa chote huku akihema mdomo wazi. Kuna pia aina za kuku, kama Silkie, ambao kwa asili upanga wao ni wa rangi ya zambarau tangu wadogo, nao ni wazima. Na yale magaga meusi yanayoota kama vidonda vilivyokauka si rangi, ni ndui ya kuku, ambayo huenezwa na mbu na ina chanjo yake inayochomwa kwenye ngozi ya bawa. Mwenye kuku ndiye anayejua rangi ya kila siku. Mtazame akiwa mzima ili uwe na cha kulinganisha.

Nyota alipona. Tulimwaga maji yanayochemka kwenye nyufa, tukachoma nyasi za zamani, tukanunua dawa ya unga agroveti, na baada ya wiki kadhaa upanga ukarudi kuwa mwekundu. Binti sasa huutazama kila asubuhi kabla ya shule.

Jumapili moja nilikuwa soko la Kibuye, Kisumu, na mama mmoja alikuwa akimsifia mteja mtetea wake mwekundu: "Ona shungi lilivyo jekundu, huyu anataga kesho." Alikuwa na haki kuhusu kutaga, au karibu. Mteja alipoondoka na kuku wake kwapani, nikamsogelea nikamsalimu, nikamwambia, "Mama, yule uliyemuuza ana upanga mzuri sana. Shungi analo yule wa kijivu pale kwenye tenga." Akageuka kumtazama wa kijivu, akayashika manyoya ya kisogoni, akayapekua hadi akaukuta upanga mdogo uliojificha mbele yake. "Huyu naye ni mweupe kidogo," akasema. Nikamwomba amfunue kope.