Mafungo si kushinda njaa

Nilipomwambia shangazi kwamba nakwenda mafungo ya siku nane, aliuliza kwanza, "Na vidonda vyako vya tumbo je?" Simlaumu, neno lenyewe linaponza. Kufunga tunakujua kwa Kwaresima na kwa Ramadhani. Mafungo ya kiroho, lakini, hufunga mdomo na simu. Tumbo halimo. Kule nilikokwenda tulikula mara tatu kwa siku, na chai ya saa nne haikukosa maandazi. Na dhana ya njaa si pekee, hizi hapa nyingine ninazozisikia kuhusu mafungo.

"Kutafakari ni kufuta mawazo yote kichwani."

Hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Mtu anakaa dakika tano, anakumbuka ada ya mtoto, anakumbuka deni la duka, basi anaamua hana kipaji. Katika njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, inayofuatwa na Wajesuiti, shirika la Kikatoliki alilolianzisha, katika vituo vyao kama Mwangaza wa Nairobi, kichwa hakifutwi, kinapewa kazi. Unapewa, tuseme, habari ya dhoruba ziwani, Marko sura ya 4. Unaisoma taratibu, unafunga kitabu, unaingia chomboni. Maji yamefika wapi? Kamba zinanukaje? Yesu amelala nyuma, juu ya mto (wa kulalia, si wa maji, nilikwama hapo kidogo). Nani anamwamsha, na kwa sauti gani?

Siku ya pili nilimweleza kiongozi wangu wa mafungo yote niliyoyaona: mawimbi, kelele, watu wakichota maji kwa mikono. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa umekaa upande gani?" Nikanyamaza. Sikuwa nimepanda. Nilikuwa nimesimama ufukweni, nawatazama wenzangu wakizama.

Na hakuna lazima ya kukunja miguu. Inyasi aliruhusu kupiga magoti, kukaa, kusimama, hata kulala chali. Hilo la kulala chali nalipenda, ila baada ya chakula cha mchana ni hatari.

"Kiongozi atakupekua dhambi zako, kisha akuamulie maisha."

Maelekezo ya Inyasi yanasema kinyume. Anayeongoza hana haja ya kutafuta kujua dhambi za mtu, na asimsukume upande wowote. Akae katikati kama ulimi wa mizani. Mnaonana mara moja kwa siku, kwa muda mfupi, na anayeongea zaidi ni wewe.

"Ukishaingia tu, amani inashuka."

Laiti. Inyasi mwenyewe alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga vitani huko Pamplona, Hispania, mwaka 1521, na mwaka uliofuata akawa katika mji wa Manresa, anasali na kutubu. Humo humo dhamiri ikamtesa mpaka akawaza kujiua. Kutokana na hali kama hizo alijifunza kutofautisha faraja na ukiwa, yaani hali ya moyo kukauka na kukata tamaa, akaacha kanuni ambayo ingetufaa hata nje ya kapela: unapokuwa katika ukiwa, usibadilishe uamuzi uliokwisha kuufanya.

Kwangu mimi siku ya tatu haikuleta amani, ilileta ugomvi wa zamani na kaka yangu kuhusu mpaka wa shamba. Niliubeba siku mbili nzima, nikizunguka bustani kama askari wa zamu.

Mafungo si tiba ya sonona pia. Mwenye kutumia dawa asiziache, na mwenye msiba mbichi au historia ya ugonjwa wa akili amwambie kiongozi mapema, kabla ya kufunga begi.

"Kama ni kimya, si nikae nyumbani peke yangu?"

Nyumbani ungeshika simu saa mbili haijafika. Ukimya wa watu ishirini unakushikilia. Mezani, chumvi inasogezwa kabla hujanyoosha mkono. Mzee aliyekaa mbele yangu alipuliza chai yake polepole mno, funda kwa funda, na kufikia siku ya tano nilikijua kikohozi chake bila kulijua jina. Siku ya mwisho ukimya ulipofunguliwa, kumbe ni dereva wa lori, na sauti yake ilijaza ukumbi mzima.

Huyo pia ni jibu kwa wanaosema haya ni ya mapadre na masista. Tulikuwa na walimu, na Walutheri wawili. Inyasi naye alianza kuwaongoza watu akiwa bado mlei. Upadre aliupata mwaka 1537. Waislamu nao wana itikafu yao, kujitenga msikitini kwa ibada, kumi la mwisho la Ramadhani.

Na asiyepata likizo? Mazoezi ya Kiroho, yaani mafungo ya Inyasi kwa ukamilifu wake, ni kama siku 30, lakini kitabu chake cha jina hilo, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, kinamruhusu mwenye shughuli nyingi kuyafanya akiwa kwake, saa moja na nusu kila siku. Jirani yangu mwenye genge la mboga huipata saa kumi alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, akiwa amekaa juu ya kreti ya nyanya.