Je, wajua kwa nini kipandauso huzidi makali hedhi inapokaribia kukoma?

Mwanamke aliyezoea kuumwa kipandauso kila anapokaribia hedhi huwa na tumaini kwamba hedhi ikikoma, maradhi nayo yatamwacha. Tumaini hilo lina msingi. Hata hivyo, wengi hushangaa kuona kwamba kabla ya kufika huko, katika miaka ya arubaini na kitu, kichwa huwauma kuliko walipokuwa wasichana: mtu hujifungia chumbani na kuziba dirisha kwa kanga kwa kutostahamili mwanga, harufu ya samaki anayekaangwa uani humtapisha, na hali hiyo huweza kudumu kwa muda wa kuanzia masaa manne hadi siku 3.

Sababu kubwa ni homoni ya estrojeni. Mwaka 1972 daktari Brian Somerville wa Australia alionesha kwamba wanawake wenye kipandauso cha hedhi walipodungwa estrojeni siku chache kabla ya hedhi, damu ilikuja kwa wakati wake, lakini kichwa kilichelewa kuuma mpaka homoni ile iliposhuka mwilini. Kinachoamsha maumivu, basi, ni ule mporomoko wa homoni, ambao huishtua neva ya uso na utando wa ubongo ikamwaga kemikali zenye kuchochea maumivu. Sasa, hedhi inapokaribia kukoma, vifuko vya mayai hupoteza mpangilio. Estrojeni hupanda mno mwezi huu na kuporomoka mwezi unaofuata, na kila mporomoko huweza kuleta kipandauso. Hedhi ikishakoma kabisa na homoni ikatulia chini, wengi hupata nafuu, isipokuwa wale walioondolewa vifuko vya mayai kwa upasuaji, ambao mara nyingi huzidiwa kwa sababu mwili wao umeshushwa ghafla.

Tiba ipo, na huniuma kuona mama wa makamo akiambiwa avumilie tu. Dawa ya kutuliza, kama ibuprofeni, naprokseni au sumatriptani, hufanya kazi vyema ikimezwa mapema, maana kichefuchefu kikishashika tumbo hulegea na dawa haifyonzwi ipasavyo. Sumatriptani haimfai mwenye maradhi ya moyo, aliyewahi kupata kiharusi, wala mwenye presha isiyodhibitiwa. Jambo linalowaponza wengi ni kumeza panadoli kila siku: dawa za kawaida za maumivu zikifika siku 15 kwa mwezi, au sumatriptani siku 10, dawa zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa.

Anayeumwa mara kwa mara huhitaji dawa ya kukinga, inayomezwa kila siku hata asipoumwa. Propranololi ni mojawapo, ingawa mwenye pumu haimfai; amitriptilini ni nyengine, nayo humsaidia pia asiyepata usingizi. Huanzwa kwa kipimo kidogo na hupimwa manufaa yake baada ya miezi 2 au 3, kwa hiyo aliyeiacha baada ya wiki moja hajaijaribu. Mwenye joto la ghafla na jasho la usiku anaweza kumuuliza daktari kuhusu homoni za kubandika au kupaka kwenye ngozi, zinazoingia mwilini kwa utulivu zaidi kuliko vidonge. Ambaye hajatolewa kizazi huongezewa homoni nyengine, projesteroni. Anayeona vimetameta machoni kabla ya kichwa kuanza asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwani huongeza hatari ya kiharusi.

Maumivu yanayolipuka kwa ghafla, yanayoambatana na udhaifu wa upande mmoja au homa na shingo ngumu, au yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, yapelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kabla ya kumwona daktari, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja au ya Chake Chake Pemba, mgonjwa aandike. Wanawake wetu wengi tayari huhesabu siku za hedhi kwa ajili ya sala na kwa ajili ya kulipa funga ya Ramadhani. Inatosha kuongeza katika hesabu hiyo siku za kichwa na dawa zilizomezwa. Miezi 3 ya maandishi hayo humwonesha daktari kama maumivu yanaifuata hedhi. Ikiwa hedhi bado inakuja kwa mpangilio, anaweza kuagiza naprokseni ianzwe siku 2 kabla yake. Ikiwa imeshavurugika na haitabiriki, atajua kwamba dawa ya kukinga ya kila siku ndiyo inayofaa.