Baada ya kutolewa kizazi: vilivyobaki vinashikwa na nini?

Nina uvimbe kwenye kizazi na nimeambiwa kitatolewa chote. Jirani yangu anasema kibofu na utumbo vitaporomoka, maana kizazi ndicho kilichovizuia. Ni kweli?

Si hivyo anavyoieleza. Kizazi si nguzo. Nacho kimeshikwa, kama kilivyoshikwa kibofu kilicho mbele yake na njia ya haja kubwa iliyo nyuma yake. Chukua kitanda cha kamba: chini ya nyonga kuna misuli iliyowambwa kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, na juu ya misuli hiyo ndipo vyote vinapolala. Halafu kuna kano, nyuzi ngumu zinazotoka pembeni na nyuma ya nyonga, zikaja kushika mlango wa kizazi na sehemu ya juu ya uke. Kamba zikilegea, kitanda hubonyea hata mlalaji akiwa mwembamba.

Na pale kilipokuwa kizazi hapabaki shimo. Utumbo mwembamba hauna mahali pamoja pa kukaa, huteremka ukapajaza.

Ila jirani hakukosea yote. Kizazi kikitolewa chote, kano zile hukatwa pale zinaposhika mlango wake. Zisiporudishwa zikashonwa kwenye kilele cha uke, au zikishonwa kisha zikalegea, kilele hicho kinaweza kushuka na kujipindua kama mfuko wa kanzu uliotolewa nje. Huweza kutokea baada ya miezi, au baada ya miaka mingi mtu ameshasahau kama alipasuliwa.

Nani yumo hatarini zaidi?

Wa kwanza ni yule ambaye kizazi chake kilikuwa kimeshaanza kushuka kabla ya operesheni. Kukitoa peke yake hakukazi kamba zilizolegea. Wengine ni aliyezaa mara nyingi kwa njia ya kawaida, hasa kwa uchungu mrefu au watoto wakubwa, aliyekoma hedhi, mwenye uzito mkubwa, mwenye kikohozi kisichokwisha, mwenye kufunga choo, na mwenye kazi ya kunyanyua mizigo kila siku.

Nimuulize nini daktari kabla ya kutia saini?

Muulize kama mlango wa kizazi utabaki au utatolewa. Ukibaki, bado unapaswa kuchunguzwa saratani kama mwanamke mwengine yeyote. Muulize kama mayai, yaani ovari, yataachwa. Yakitolewa yote mawili utaingia ukomo wa hedhi papo hapo, na uke utakuwa mkavu. La tatu ndilo wengi hawaliulizi: "Kano utazishona kwenye kilele cha uke?" Si utovu wa adabu kuuliza. Na kama unavujwa na mkojo au unasikia uzito chini, mwambie kabla, maana huenda vikatengenezwa vyote siku moja.

Zoezi la kukaza misuli linafanywaje hasa?

Jilaze, magoti yakunjwe. Vuta kama unayezuia ushuzi mbele za watu, na papo hapo kama unayezuia mkojo. Mvuto uende ndani na juu. Tumbo, mapaja na makalio yatulie, pumzi iendelee kutoka na kuingia. Shikilia kwa sekunde 3, kisha legeza kwa muda uleule. Rudia mara 8 hadi 10, halafu malizia kwa mikazo 10 ya haraka. Wiki hadi wiki ongeza, mpaka ufike sekunde 10. Fanya mara 3 kwa siku. Kwa wengi rahisi ni kubaki kwenye msala baada ya alfajiri, adhuhuri na isha.

Kosa linalorudiwa sana ni kusukuma badala ya kuvuta. Weka kiganja juu ya nguo, baina ya uke na njia ya haja kubwa. Ukikaza, pale mahali pakimbie kiganja. Pakikijia, unasukuma, na zoezi linaharibu badala ya kujenga. Wala usijizoeze kwa kukata mkojo katikati kila uendapo chooni, kwani kibofu hakitamaliza vizuri.

Anza polepole mara mpira wa mkojo ukishatolewa na maumivu yakipungua. Usitarajie kitu wiki ya pili. Misuli hii hutaka miezi 3 hadi 4 ya kila siku. Kitu kimoja utakiona mapema: kaza kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua, na mkojo hautakutoka ovyo.

Nalima mwani. Nirudi lini baharini?

Wiki 6 za mwanzo usinyanyue kitu kinachopita kilo 4 au 5. Kidumu cha lita 5 kikijaa ni kilo 5, basi hapo ndipo mwisho wako; ndoo ya lita 20 ni ya mtu mwengine, na mjukuu anayetaka kubebwa apandishwe mapajani ukiwa umekaa. Kwa mkulima wa mwani wiki 6 ni karibu bamvua 3. Zikose zote. Mbali na mzigo, kidonda cha kilele cha uke hakijapona na maji ya bahari hayafai kukifikia.

Baada ya hapo ongeza kidogo kidogo mpaka wiki ya 12. Kama operesheni ilifanywa kwa ajili ya kushuka kwa kizazi, ngoja wiki 12 kamili. Ukirudi, polo la mwani mbichi usilitie kichwani hata kama ulikuwa ukilibeba tangu msichana: uache mwani uchuruzike maji, ugawe mafungu, au mshike wawili. Kunja magoti, mzigo uwe karibu na kifua, kaza chini, toa pumzi ndipo unyanyuke. Anayebana pumzi wakati wa kunyanyua huisukuma nguvu yote chini kwenye kamba zile zile. Kuchambua karafuu umekaa juu ya kigoda hakuna tatizo, mradi pakacha abebe mwengine.

Na kufunga choo?

Watu huogopa ndoo na kusahau choo, na choo kigumu ni cha kila siku. Wali mweupe na mkate wa boflo peke yake havisaidii. Tia kunde, choroko, mchicha, matembele, papai, na glasi 6 hadi 8 za maji. Mwezi wa Ramadhani zigawe baina ya futari na daku. Choo cha kuchutama kinakusaidia, cha kukaa kiwekee kigoda chini ya miguu. Usikamue. Ikibidi, omba dawa ya kulainisha choo; hilo ni afadhali kuliko kukamua. Kikohozi kilichopita wiki 2 kapime, kifua kikuu kikiwamo.

Kusujudu kunavuta vitu chini?

Kinyume chake. Ukisujudu nyonga huwa juu ya kifua, na wengi husikia uzito umepungua. Wiki za mwanzo kidonda kikiuma, sali juu ya kiti.

Nikandwe? Nijifunge tumbo? Shabu je?

Kukandwa tumbo kwa maji moto juu ya mshono mpya, hapana. Kujifunga kanga kwa nguvu kunabana juu na kusukuma chini. Kitambaa chepesi cha kukupa raha si neno. Shabu na dawa nyengine za kubana hazigusi kano wala misuli. Hukausha ngozi ya uke na kuichubua, basi. Usitie kitu ukeni, wala tendo la ndoa lisifanyike, kwa wiki 6 hadi 8.

Ikiwa ghafla umetokwa na maji mengi, damu nyingi au kinyama kama utumbo, au una homa na usaha, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Utumbo ukionekana usiusukume ndani. Ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu.

Jioni nasikia kama nimekalia yai, nikilala linaondoka. Nifanye nini?

Hiyo ni dalili yenyewe ya kushuka: huja na kusimama, huondoka na kulala. Wengine hushindwa kumaliza mkojo, au hulazimika kubonyeza kwa kidole ndipo choo kitoke. Si saratani na si aibu. Nenda kliniki ya magonjwa ya wanawake, uombe upimwe huku unakohoa au ukiwa umesimama, kwani ukilala tu huenda kilichoshuka kisionekane.

Kama hakikusumbui, mazoezi na kupunguza mizigo vinaweza kutosha. Kikisumbua, kuna pete ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia. Ukubwa hupimwa, na baada ya kuvishwa uchutame, ukohoe na ukojoe hapo hapo kliniki kabla ya kuondoka. Ikitoka, au mkojo ukigoma, saizi au umbo si lako. Kwa asiye na kizazi pete ya duara wakati mwengine haikai, hutafutwa ya umbo jengine. Husafishwa na kukaguliwa kila miezi 3 hadi 6. Ikiachwa miaka huchimba ngozi ikaleta damu na harufu. Operesheni nayo ipo, ya kukifunga kilele cha uke kwenye kano imara za nyonga au kwenye mfupa wa nyuma.