Mtoto mahututi na dripu inayokwenda taratibu

"Daktari, mbona dripu ya wa kwangu haikimbii?" Mama aliniuliza hivyo usiku wa manane, macho yake kwenye matone yaliyodondoka moja moja. Mwanawe alikuwa na malaria kali, miguu ya baridi hadi magotini. Nilibonyeza ukucha wa kidole gumba, ukawa mweupe, nikahesabu. Wekundu ulirudi baada ya sekunde nne. Kwa mtoto mzima haupiti mbili.

Nilivyofundishwa, hapo jibu ni moja: damu haifiki mwilini inavyotakiwa, fungulia maji. Miongozo niliyofundishwa ilikuwa imejengwa zaidi juu ya uzoefu wa hospitali zenye mashine za kupumulia na dawa za kupandisha presha.

Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, daktari mtafiti wa Kilifi, Kenya. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani damu kutofika mwilini inavyotakiwa, walishirikishwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Ya kwetu Tanzania ilikuwa Muheza. Wengine walimiminiwa maji ya chumvi kwa kasi, wengine albumini (maji yenye protini ya damu), na kundi la tatu likapewa dripu ya kawaida tu, taratibu. Ndani ya saa 48 vifo vilikuwa asilimia 10.5 kwa chumvi, 10.6 kwa albumini, na 7.3 kwa wasiomiminiwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Linaloniumiza ni hili: saa moja baada ya kuanza, waliomiminiwa ndio waliokuwa wameondokewa zaidi na dalili za mshtuko. Ningekuwa zamu, ningeshukuru Mungu na kwenda kitanda kingine. Vifo vya ziada vilikuja baadaye, hasa kwa mzunguko wa damu kushindwa, wala si mapafu kujaa maji kama wengi tulivyodhani.

Tafadhali, mtoto anayeharisha hadi macho yakazama hakuwemo katika utafiti huu. Huyo anahitaji maji, tena upesi.

"Mama, maji haya yanamtosha," nilimjibu. "Amepungukiwa damu, na chupa ya damu iko njiani." Kipimo cha wingi wa damu, hemoglobini, kilikuwa kimesoma 4 tu. Alfajiri nilibonyeza tena, wekundu ukarudi kwa sekunde mbili. Nikamwacha palepale, kitanda kilicho karibu na meza ya manesi.