Je, wajua kwa nini wakala wa akili unde hushindwa kutumia zana ambayo watu huitumia bila shida?

Wakala wa akili unde ni programu inayopewa kazi, ikaamua yenyewe hatua za kufuata, kisha ikaita zana nyingine za kompyuta: kutafuta rekodi, kutuma ujumbe, kufuta faili. Anapokosea, lawama huiangukia akili unde. Lakini ukizifuatilia hatua alizopitia, mara nyingi utakuta maelezo ya zana ndiyo yaliyompoteza.

Wakala hazioni skrini na vitufe unavyoviona wewe. Katika utaratibu uliozoeleka, ukiwemo ule wa Model Context Protocol uliotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, kabla ya kuita zana anaona hasa mambo matatu: jina lake, maelezo yake, na orodha ya vigezo vyake, yaani taarifa ambazo zana hupewa ili ifanye kazi, iliyoandikwa kwa JSON, muundo wa maandishi wa kupangia data. Mfanyakazi mgeni humuuliza mwenzake, au huona kitufe chekundu akasita. Wakala ana maandishi yako tu.

Tuseme zana imeandikwa hivi:

pata_data: Hupata data ya mteja. Vigezo: id, tarehe, kiwango.

Mtumiaji anauliza, “Asha anadaiwa ankara zipi tangu tarehe 3 Aprili?” Wakala ataweka “Asha” kwenye id, kwa kuwa hakuna palipoandikwa kwamba id ni namba. Tarehe ataandika 03/04/2025, ambayo seva, yaani kompyuta inayopokea ombi na kulijibu, inaweza kuisoma kama tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi. Na kiwango je? Ni kiasi cha fedha, au idadi ya rekodi? Atakisia. Seva ikirudisha orodha tupu, atamjibu mtumiaji kwa ujasiri kwamba Asha hana deni. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu halipigi kelele.

Sasa isome ilivyoandikwa upya:

tafuta_ankara_za_mteja: Hurudisha ankara za mteja mmoja, mpya zikitangulia. Itumie kwa maswali ya malipo au deni. Kama una jina tu, anza na tafuta_mteja ili upate namba yake. Haibadilishi rekodi yoyote. Hurudisha ankara zisizozidi 50 kwa mara moja. Zikibaki nyingine, jibu huwa na alama_ya_ukurasa, itume tena upate zinazofuata. Orodha tupu maana yake mteja yupo ila hana ankara za kipindi hicho. Namba isiyokuwepo huleta ujumbe wa kosa.

namba_ya_mteja: lazima. MT- na tarakimu 6, mfano MT-004127.
tangu_tarehe: si lazima. Mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-04-03.
hali: si lazima. Moja kati ya imelipwa, haijalipwa, imefutwa.

Sentensi inayosahaulika zaidi ni ile ya lini zana isitumike. Zana mbili zikifanana, kama tafuta_mteja na orodhesha_wateja, wakala atachagua yoyote hadi umwonyeshe mpaka ulipo. Vipimo navyo viweke ndani ya jina: “muda” wenye thamani 30 unaweza kuwa sekunde au milisekunde, ila muda_wa_kusubiri_sekunde haubishaniwi.

Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo, maana wakala huusoma kisha akaamua cha kufanya. “Kosa 400”, ambayo husema tu kwamba ombi lina kasoro, humfanya arudie ombi lilelile, au akate tamaa. Andika: “tangu_tarehe lazima iwe mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-04-03, umetuma 03/04/2025.” Kwa kawaida atajirekebisha kwenye ombi linalofuata. Taja pia kama kurudia kuna faida: seva iliyozidiwa, asubiri sekunde 10 ajaribu tena, ruhusa iliyokosekana, asirudie, amwambie mtumiaji.

Kwa zana zinazofuta au kulipa, eleza kitakachotokea ombi likifika mara mbili. Mtandao ukikatika baada ya malipo kupita lakini kabla ya jibu kurudi, wakala hajui kama yamepita. Akituma tena, fedha hutoka mara ya pili. Dawa yake ni kigezo cha namba ya kipekee ya ombi, ambacho seva hukitambua na kukataa kurudia kazi. Hapa maelezo peke yake hayatoshi: kuandika “usifute bila idhini” ni ushauri tu, kizuizi chenyewe kiwe kwenye seva.

Usirefushe kupita kiasi. Maelezo ya zana zote alizopakiwa wakala hula nafasi ileile ya mazungumzo anayopaswa kuyafikiria, kwa hiyo historia ya programu na sifa za kuiuza ziondoe. Mfano mmoja sahihi wa thamani hufanya kazi kuliko aya nzima.

Ukimaliza, jaribu. Andika maswali kama 15 kwa lugha ya watumiaji wenyewe, mengine yasiyo na majibu kabisa, umpe wakala. Usitazame jibu la mwisho tu. Soma kumbukumbu za miito: aliita zana gani, kwa thamani zipi, mara ngapi. Akikosea, rekebisha maelezo, swali uliache lilivyo. Maswali hayo yahifadhi, uyapitishe upya kila unapobadilisha zana au modeli ya akili unde inayomwendesha wakala.